Kompyuta za steshenari zimezeeka: ipi ubadilishe, ipi uiache ifie kazini

Swali: Habari za kazi fundi. Nina steshenari hapa Moshi, Majengo. Nina desktop tatu Dell OptiPlex 3020, Core i3 na RAM 4GB, zote nilinunua mtumba, halafu laptop moja HP ya i5-8250U, na vishikwambi viwili alivyoniachia shemeji, Samsung ya Android 7 na iPad Air 2. Zote zimekuwa nzito mpaka wateja wanaondoka, na desktop moja inajizima yenyewe. Kijana anayenitengenezea anasema Windows 10 imeshakufa nitupe zote ninunue mpya. Hela ya kununua zote kwa mpigo sina. Nibadilishe au nisubiri zife? Na nitajuaje kwamba muda umefika?

Jibu: Dada yangu, kijana wako kasema nusu ya ukweli. Windows 10 kweli ilikatwa sapoti tarehe 14 Oktoba 2025, hilo halina ubishi, ila maana yake ni kwamba Microsoft waliacha kutoa apdeti za usalama za bure, mashine yenyewe haizimiki ndio maana za kwako bado zinawaka na zinaprinti. Na huo ushauri wa tupa zote nunua mpya ni rahisi sana kuutoa kama sio wewe unayelipa kodi ya fremu.

Umri wa mashine tuweke pembeni kwanza. Cha kuuliza ni kwamba hii mashine inafanya kazi gani, na siku ikivamiwa au ikifa ghafla nani anaumia. Kompyuta inayochapa barua za mtaa na mialiko ya harusi, haina intaneti, haina akaunti ya mtu, hata ikiwa na Windows ya zamani utaumia kidogo sana. Ila ile ambayo wateja wanakaa wanaingiza paswedi za Ajira Portal, wanafungua email zao, wanajaza mkopo wa HESLB na namba za NIDA, na ile ambayo wewe mwenyewe unaingilia TRA na benki, hizo mbili hazitakiwi kuwa na Windows iliyotelekezwa hata kama zinawaka kwa sekunde kumi. Kwa hiyo hapo dukani usifikirie kubadilisha mashine nne, fikiria kubadilisha nafasi mbili, halafu zilizobaki zinashushwa cheo.

Sasa uzito. Uzito na usalama ni vitu viwili tofauti na watu wengi wanavichanganya, mtu ananunua kompyuta mpya kumbe shida ilikuwa diski. Fanya hivi kesho asubuhi kwenye kila desktop, ifungue kama kawaida, fungua Chrome na Word kama siku ya kazi, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager, nenda pale penye Performance uangalie wakati mashine inahangaika. Ukiona Disk imekaa 100% na CPU iko chini chini huko, hiyo mashine haijazeeka, imebanwa na diski ya kuzunguka. Ukiona Memory iko juu ya 85% muda wote, RAM haitoshi, na kwa 4GB na Chrome ya siku hizi nakuambia kabla hujaangalia kwamba haitoshi. Ila ukiona CPU yenyewe iko 100% kwa kazi ndogo tu, yaani kurasa mbili za intaneti na Word, na umeshahakikisha hakuna kirusi wala apdeti inayojiendesha chini kwa chini, hapo ndio uzee wenyewe, hapo usiweke hela tena.

Kwa OptiPlex 3020 nina uhakika karibu wote kwamba utakuta diski 100%. Hizo zilikuja na diski za kawaida zinazosoma kama megabaiti 100 kwa sekunde zikiwa nzima na zikiwa na faili lililopangika vizuri, kwa vifaili vidogo vidogo vya Windows zinashuka chini sana ya hapo, wakati SSD, yaani diski isiyozunguka, ya SATA ya bei ya chini inafika kama 500 na kwenye vifaili vidogo tofauti ni kubwa zaidi. Ukiweka SSD ya 256GB na ukaongeza RAM ifike 8GB, hiyo i3 yako ya kizazi cha nne itachapa na kuprinti bila kukuudhi. Hiyo 3020 ina nafasi mbili za RAM, Task Manager hapo kwenye Memory inakuandikia kabisa zimetumika ngapi, ukiona moja imetumika basi unaongeza kipande cha DDR3 cha 4GB cha mtumba na kazi imeisha. Angalia tu usiuziwe RAM ya laptop, ile ni fupi, haingii. Na DDR4 pia haingii, hata muuzaji akikuapia.

Kuhusu bei, sitakuandikia namba maana tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM na SSD zimekuwa zinapanda duniani kote, viwanda vimegeukia kuuza kwenye data senta za AI, ulichoambiwa mwezi uliopita leo sicho. Ninachotumia mimi ni kipimo cha nusu: ukijumlisha kifaa na ufundi, ikizidi nusu ya bei ya mashine ya mtumba iliyo nzuri kuliko hiyo, acha. SSD na RAM kwa kawaida haifiki huko. Madabodi au skrini ya laptop mara nyingi inapita, na hapo ndio watu wanapoteza hela kwa huruma, ooh hii laptop nimetoka nayo mbali. Haikusikii.

Ila kabla hujanunua SSD pima diski zilizopo kwa programu moja ya bure inaitwa CrystalDiskInfo. Ukifungua inakupa rangi, bluu ni salama, njano imeandikwa Caution ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Ukikuta njano na mstari wa Reallocated Sectors au Current Pending (sehemu za diski zilizoharibika au zinazoshukiwa) una namba inayoongezeka kila wiki, acha kila kitu ukope faili zako kwanza, sio kesho. Nimeshaona mtu ana miaka yote ya kadi za wateja na mitihani ya shule ndani ya diski moja inayolia kama panzi, anauliza bei ya kuongeza RAM.

Haya hiyo inayojizima. Usiitupe wala usiitengeneze kabla hujajua inajizima saa ngapi, na hapa nitakaa kidogo maana ndio kesi ninayoletewa kila wiki. Kama inajizima baada ya muda wa kufanya kazi, na ukiigusa ubavu ni ya moto na feni linapiga kelele, hilo ni joto. Moshi na vumbi la kiangazi unalijua, na wewe uko Majengo mlango wazi barabara inapita hapo mbele. Ukifungua ubavu wa hiyo Dell, juu ya prosesa kuna lile bomba la plastiki linaelekeza hewa, ukilitoa utakuta kati ya vile vyuma vyembamba vya kupooza kumejaa kitu kama blanketi la kijivu, hewa haipiti kabisa. Unapuliza, unafuta ile krimu iliyokauka juu ya prosesa unapaka mpya, basi. Shikilia feni kwa kidole wakati unapuliza lisizunguke. Hiyo ni kazi ya nusu saa, na inatakiwa ifanyike kila mwaka kwa mashine iliyo dukani.

Kama inajizima bila mpangilio, hebu angalia kama ni pale fotokopi au printa ya leza inapoanza kupasha. Maana steshenari nyingi nazoingia, iwe huku Arusha Ngarenaro au huko kwenu, utakuta ekstensheni moja imebeba kompyuta mbili, fotokopi, mashine ya lamination na chaja za simu za jirani. Ile fotokopi ikianza kupasha inavuta umeme mwingi kwa ghafla, volti zinashuka kidogo, pawa saplai iliyochoka inashindwa kuvumilia na kompyuta inazima. Utabadilisha kompyuta na mpya nayo itazima. Hamisha fotokopi kwenye soketi yake ya ukutani kwanza, uone siku tatu. Na kama una UPS, printa ya leza isichomekwe kwenye upande wa betri, itaiua.

Ikithibitika pawa saplai ndio imekufa, jua kwamba hizi OptiPlex 3020 hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24, Dell waliweka ya pini 8 kwenye madabodi, kwa hiyo ile pawa saplai ya kawaida ya dukani haitaingia mpaka uwe na adapta yake. Mafundi wengi wanafikia hapo wanasema mashine imekufa. Haijafa. Wewe una tatu za aina moja, na huo ndio utajiri wako, ukiamua moja iwe spea basi unayo pawa saplai, RAM, feni na kila kitu cha kuzilisha zile mbili.

Kitu kingine kidogo cha hela ndogo: ukiona saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka kila ukizima umeme, na tovuti zote zinakataa kufunguka zinasema muunganisho sio salama, usimruhusu mtu akufomatie. Ni ile betri ya duara kwenye madabodi, CR2032, ya bei ya soda. Tarehe ikiwa imekosewa, vyeti vya tovuti vinaonekana vimeisha muda au bado havijaanza, na brauza inagoma. Nimeona kompyuta nzima inauzwa kwa bei ya kutupa kwa ajili ya hiyo betri.

Tuje kwenye Windows sasa. Hizo desktop zako ni kizazi cha nne cha Intel, Windows 11 rasmi inataka kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine), RAM angalau 4GB na nafasi ya 64GB. Kwa hiyo hazipandi kihalali. Kuna njia za kulazimisha na kijana wako anazijua bila shaka, zinafanya kazi, ila Microsoft wenyewe wanasema mashine ya hivyo haina uhakika wa kupata apdeti, na yale matoleo makubwa ya kila mwaka itabidi uyalazimishe tena kwa mkono. Kwa mtu wa nyumbani anayejua anachofanya sawa. Kwa duka linaloshika paswedi za watu mi siweki.

Kuna mpango wa apdeti za ziada wa Windows 10 unaitwa ESU. Kwa watu binafsi ulitangazwa kufika 13 Oktoba 2026, unajiunga kwa kusinki mipangilio yako na akaunti ya Microsoft bila kulipa, au kwa dola 30. Kwa biashara ni mpango mwingine, dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza na inazidishwa mara mbili kila mwaka. Kwa desktop yenye i3 ya kizazi cha nne, dola 61 ni hela ya kumwaga, bora hiyo uiongezee kwenye mashine inayofuata. Nikuongezee na hili lisije likakutisha baadaye: brauza ya Edge na zile taarifa za virusi za Defender Microsoft walisema wataendelea kuzitoa kwenye Windows 10 mpaka angalau Oktoba 2028. Inasaidia, haitoshi, maana tundu likiwa kwenye Windows yenyewe brauza haiwezi kuliziba.

Laptop yako ndio lulu hapo dukani na nadhani huijui. i5-8250U, hiyo 8 ya mwanzo baada ya kistari ndio kizazi, kizazi cha nane, inapanda Windows 11 rasmi na bure kama Windows 10 yake ilikuwa halali. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika tpm.msc, kama inasema TPM iko tayari na toleo ni 2.0 basi endelea, kama inasema haionekani ingia BIOS, yaani mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, kwa HP ni F10 wakati inawaka, uiwashe. Kama bado ina diski ya kuzunguka, hiyo ndio mashine ya kwanza kuwekewa SSD kabla ya desktop yoyote. Betri yake pia ipime, fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport, itakutengenezea faili, humo linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, nunua betri, maana faida kubwa ya laptop dukani kwa huu umeme wetu ni kwamba ukikatika katikati ya ombi la mtu halipotei. Ikishakaa sawa, hiyo laptop iwe ya kwako peke yako, TRA, benki, email ya biashara, akaunti zako. Mteja asiiguse, flashi ya mteja isichomekwe humo hata aseme ana haraka ya basi. Unazijua zile flashi, ukichomeka faili zote zinageuka shortcut.

Sasa nafasi ya pili, ile ya wateja kujazia fomu. Hapa watu wengi watakwambia nunua mashine mpya, mi nakwambia jaribu kwanza Linux Mint, mfumo unaokaa badala ya Windows, kwenye 3020 mojawapo yenye SSD na 8GB. Ni bure, toleo la 22 linapata apdeti mpaka 2029, na kazi ya mteja hapo ni brauza tu, Ajira Portal, NECTA, HESLB, BRELA, zote zinafunguka kwenye Firefox au Chrome. Na ina kitu kimoja kinachofaa steshenari kuliko hata Windows, kuna sehemu kwenye mipangilio ya Login Window unaruhusu kikao cha mgeni, mteja anaingia bila paswedi, akimaliza ukakifunga kikao kila kitu alichofungua, email, faili alizopakua, picha ya cheti chake, vinafutika vyenyewe. Siku hizi ukiingia kwenye kompyuta ya steshenari unakuta folda la Downloads lina vyeti vya kuzaliwa vya mtaa mzima.

Kikwazo ni printa. Epson za tanki kama L3110 zinakubali vizuri, HP LaserJet nyingi zinakubali ukiweka programu yake ya HPLIP, ila zile Canon LBP za zamani zitakutoa jasho. Kwa hiyo kabla hujafuta Windows, choma Mint kwenye flashi, iwashe kompyuta kutoka kwenye hiyo flashi bila kuinstoli, chomeka printa, jaribu kutoa ukurasa mmoja. Ikigoma, basi mashine hiyo inajaza fomu tu na PDF inapelekwa kwa mashine ya kuprinti.

Desktop nyingine, ile ya kuchapa, ibaki na Windows 10 yake, itolewe kwenye intaneti kabisa, ifanye Word, kadi, picha za pasipoti na kuprinti. Hiyo iache ifie kazini. Kama unatengenezea vipeperushi kwenye Publisher jua tu Microsoft walitangaza kwamba Publisher inafika mwisho Oktoba 2026, kwa hiyo zile kadi zako anza kuzihifadhi kwa PDF pia, na LibreOffice Draw inaweza kufungua faili za Publisher ingawa mpangilio wakati mwingine unayumba. Na Office 2016 na 2019 zilikatwa sapoti siku ile ile ya Windows 10, hilo halisemwi sana.

Kwa hiyo kununua ni lini? Chukua daftari la kawaida, mwezi mmoja, kila mteja anayeondoka kwa sababu ya mashine piga kijistari na uandike alikuwa anataka huduma ya shilingi ngapi. Tuseme ni watatu kwa siku wa elfu mbili mbili, kwa siku 26 za kazi hiyo ni 156,000 kwa mwezi inatoka mlangoni. Ukishaweka SSD rudia kuhesabu. Kama vijistari vimebaki vile vile basi hapo mashine ndio tatizo na una namba ya kukuambia itajilipa kwa miezi mingapi. Kama vimeisha, hela kaa nayo, isubiri ile desktop itakayokufa ya kwanza.

Siku ya kununua ikifika, usikimbilie mpya ya bei ya chini yenye Celeron na 4GB, ile ya kung'aa kwenye boksi. Mtumba wa ofisi wa kizazi cha nane utaishinda kwa kila kitu isipokuwa harufu ya upya. Kwa Dell tafuta OptiPlex 3060, 5060 au 7060, kwa HP ProDesk 600 G4. OptiPlex 3050 inafanana nayo sana kwa sura lakini ni kizazi cha sita na cha saba, haipandi Windows 11 kihalali. Na kwenye laptop ndio kuna mtego mkubwa, EliteBook 840 G3 zimejaa kila duka la mtumba, zimewekewa Windows 11 kwa kulazimisha, zimepigwa stika, unaambiwa hii ina Windows 11 dada tayari. Hiyo ni kizazi cha sita. Usisome stika wala jina la modeli peke yake, washa, nenda Settings, System, About, soma prosesa. i5-6300U ni sita, i5-7300U ni saba, i5-8350U ni nane, i5-10210U ni kumi. Kisha fungua CrystalDiskInfo kutoka kwenye flashi yako hapo hapo mbele ya muuzaji uone diski ina afya gani na imewaka masaa mangapi. Muuzaji akinuna, asante, unaenda duka linalofuata. Kama unapanda Arusha kufuata hizo mashine, uje na hiyo flashi mkononi, nauli isiende bure.

Vishikwambi ni habari tofauti kwa sababu humo huwezi kuongeza kitu, hakuna RAM ya kuongeza wala SSD, ni betri tu na programu. Samsung ya Android 7 nakushauri uistaafishe kwenye intaneti. Chrome iliacha kutoa matoleo mapya kwa Android 7 tangu toleo la 120, na sasa hivi matoleo mapya yanataka Android 10, na kama ni 7.0 kabisa kuna tovuti zitakukataa kwa sababu vyeti vyao vipya kifaa hakivijui. Usiweke humo app ya benki wala ya kupokea malipo, hata kama bado inafunguka. Ifute yote, lakini kabla ya kufuta toa akaunti ya Google ya shemeji kwenye mipangilio, la sivyo ikishawaka inaweza kudai paswedi yake na shemeji ameshasahau. Halafu ibaki ya kuonyeshea wateja sampuli za kadi, picha tu, bila wifi.

iPad Air 2 ni ya 2014 na imeishia iPadOS 15. Bado ni kifaa kizuri kwa kusoma PDF na video, App Store mara nyingi itakupa toleo la mwisho linalokubali kwenye hicho kifaa, na WhatsApp kwa sasa inataka iOS 15.1 kwenda juu kwa hiyo bado unapita, ila uko ukingoni, wakisogeza tu umeachwa. Kazi ya hela usiipe. Siku ukitaka kununua kishikwambi kingine swali la kwanza kwa muuzaji liwe kinapata apdeti mpaka mwaka gani, maana iPad ya kizazi cha saba ya 2019 inauzwa mtumba kama mpya na Apple wameshaiacha kwenye iPadOS 26.

Na vyote viwili viangalie kwa ubavu. Ukiona skrini imeinuka upande mmoja, au mgongo umetuna, kiweke chini, usichaji, usikibonyeze kirudi, betri imevimba na ikitobolewa inaweza kuwaka moto. Hicho kinaenda kwa fundi siku hiyo hiyo. Vishikwambi vinavyokaa kwenye chaja usiku na mchana juu ya kaunta ndio vinavyovimba zaidi, hasa vikiwa vinapigwa jua.

Mambo ya lini kwenye kalenda: haya yote usiyafanye dirisha la mkopo likiwa limefunguliwa au shule zinapofungua Januari, utajilaumu. Chagua wiki iliyopoa, anza na laptop, ikae wiki mbili, ndio uingie desktop ya wateja, ile inayojizima fanya usafi wa vumbi hata leo. Na kopi ya faili zako iwe kwenye diski ya nje kabla mtu hajashika bisibisi.

Ukifika kuuza zile za zamani, uza mashine, diski baki nayo. Kufomati kwa haraka hakufuti kitu, mtu mwenye programu ya bure anairudisha yote, na humo kuna NIDA na vyeti vya watu wa Majengo yote. Zile diski za kuzunguka zilizotoka kwenye desktop kama ni bluu kwenye CrystalDiskInfo nunua kasha lake la USB uzifanye za bekapu. Ya njano ichomoe, itoboe kwa drili sehemu mbili tatu, ndio uitupe.